VIPANDE VYA NGUVU KATIKA SAFARI NDEFU YA BAISKELI: MAMA NA MLEZI WAJUE NINI?

Punguza moto chini ya sufuria, vuta kigoda, tuzungumze.

Leo mada yetu ni kijana anayeendesha baiskeli. Sisemi yule anayetumwa dukani na kurudi. Ninamsema yule aliyejiunga na wenzake, na kila Jumamosi asubuhi wanaondoka pamoja, wanakwenda saa mbili, saa tatu, wanarudi na vumbi hadi kwenye nyusi. Kijana huyo anaota mashindano. Sasa kocha, au rafiki aliyemtangulia, amemwambia, "Kwenda mbali peke yake hakutoshi. Ni lazima ndani ya safari hiyo uwe unakanyaga kwa nguvu zako zote." Kijana amerudi nyumbani amekubali. Wewe mama unamwona amelala mkekani saa nane mchana, hataki hata kula, na unajiuliza: je, hii ni afya au ni hatari?

Jibu ni kwamba inaweza kuwa afya, na inaweza kuwa hatari. Tofauti iko katika mpango, chakula na usingizi. Na katika mambo hayo matatu, mawili yako mikononi mwako wewe mlezi. Ndiyo maana mazungumzo haya ni yako, wala si ya kocha peke yake.

KWANZA, TUNAZUNGUMZA JUU YA NINI?

Safari ndefu ni ile ambayo mtu anakanyaga polepole kwa muda mrefu, huku anaweza kuzungumza na mwenzake bila kukatizwa na pumzi. Safari ya namna hii huufundisha moyo kusukuma damu nyingi kwa kila pigo, na huifundisha misuli kutumia mafuta ya mwilini kama kuni za kuwaka polepole.

Kipande cha nguvu ni muda mfupi, labda dakika moja, labda dakika tatu, ambapo anakanyaga kwa bidii kubwa. Pumzi inakuwa nzito, miguu inawaka, na maneno hayatoki ila moja moja. Kisha anarudi kwenye mwendo wa polepole na kupumzika akiwa juu ya baiskeli.

Kwa nini watu huchanganya haya mawili? Kwa sababu mashindano ya baiskeli si mwendo mmoja. Kuna mlima, kuna mtu anayechomoka ghafla, kuna mita mia tatu za mwisho. Anayejua mwendo wa polepole tu ataachwa mlimani. Anayejua kasi tu atachoka kabla ya kuufikia mlima. Kipande cha nguvu ndani ya safari ndefu hufundisha mwili kufanya kazi nzito hali tayari umeanza kuchoka.

Lakini sikiliza neno hili, maana ndilo kiini cha mazungumzo ya leo: vipande vya nguvu ni kama chumvi kwenye mchuzi. Kidogo huleta ladha. Ukimwaga kijiko kizima, mchuzi haunyweki. Watafiti waliochunguza mazoezi ya wanamichezo wakubwa wa mbio ndefu, baiskeli na makasia wameona kwamba, kwa kawaida, katika kila mazoezi 10, kama 8 huwa mepesi. Mazito ni kama 2 tu. Hao ni watu wazima wanaolipwa kwa kazi hiyo. Sembuse mtoto wako anayekua, anayesoma, na anayeteka maji jioni?

JE, MTOTO WANGU YUKO TAYARI?

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri kwamba watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za shughuli za mwili kila siku, na angalau siku 3 katika wiki shughuli hizo ziwe za kutoa jasho na kuhemesha. Kwa hiyo kuhema siyo ugonjwa. Mtoto anayecheza kati, anayekimbiza tairi, anayepanda mlima kwa baiskeli akishindana na wenzake, anajenga mwili.

Kwa mtoto wa chini ya miaka 12, mchezo wenyewe unatosha. Hahitaji saa ya kuhesabia dakika wala mtu wa kumpigia kelele aongeze kasi. Akichoka, aachwe apumzike.

Kwa kijana aliyekwisha kubalehe, tazama mambo manne kabla hajaanza vipande vya nguvu.

La kwanza, awe amekwisha kuzoea safari ndefu za polepole kwa wiki 6 hadi 8, bila maumivu ya magoti, mgongo au nyonga.

La pili, siku inayofuata safari ndefu awe anaamka vizuri, anakula kama kawaida na anakwenda shule bila kusinzia.

La tatu, baiskeli imtoshe. Kijana mfupi kwenye baiskeli kubwa ya baba yake huumia magoti na kiuno. Akikalia kiti, mguu ukiwa chini kabisa kwenye pedali, goti libaki limepinda kidogo tu. Breki za mbele na za nyuma zishike.

La nne, na hili ni kubwa, apimwe kwenye kituo cha afya ikiwa jibu ni "ndiyo" kwa swali lolote kati ya haya. Je, amewahi kuzimia au kupata maumivu ya kifua akifanya mazoezi? Je, moyo wake huenda mbio bila mpango? Je, kuna mtu wa ukoo aliyekufa ghafla bila sababu kujulikana, kabla ya kufika miaka 50? Je, ana pumu, selimundu, kisukari au kifafa? Je, alipokuwa mdogo alipata homa iliyovimbisha viungo baada ya kuumwa koo? Swali hili la mwisho linashangaza akina mama wengi. Ukweli ni kwamba maumivu ya koo ya aina fulani yasipotibiwa kwa dawa inavyotakiwa, yanaweza kuleta homa inayoharibu milango ya moyo, na mtoto akaishi na moyo dhaifu bila mtu kujua. Moyo wa namna hiyo unaweza kuficha udhaifu wake katika mwendo wa polepole, ukauonyesha siku unapolazimishwa.

Mtoto mwenye pumu si lazima aache baiskeli. Akiwa na dawa yake ya kuvuta na amefundishwa kuitumia, wengi huendesha vizuri. Lakini dawa hiyo iwe mfukoni mwake, isiachwe nyumbani juu ya kabati.

VIPANDE VYA NGUVU VINAPANGWAJE?

Si lazima ununue saa ya bei ghali. Mdomo wa mtoto ndicho kipimo. Akiweza kuimba, anakwenda polepole sana. Akiweza kuzungumza sentensi nzima, huo ndio mwendo wa safari ndefu. Akiweza kutoa maneno matatu manne tu halafu avute pumzi, hapo ni bidii. Akishindwa kusema hata neno, hapo ni mwisho wa nguvu zake, na hapo hapakaliwi kwa muda mrefu.

Nitatoa mfano wa Jumamosi moja ya kijana anayeanza, ambaye amezoea kwenda saa mbili na nusu. Siku ya kuanza vipande vya nguvu, safari ifupishwe iwe saa mbili. Kanuni ni hii: ukiongeza ukali, punguza urefu. Usiongeze vyote viwili kwa wakati mmoja.

Nusu saa ya kwanza, mwendo wa kuzungumza, mpaka jasho lianze kutoka na miguu ilegee. Kisha akanyage kwa bidii dakika 1, halafu apumzike kwa mwendo wa polepole dakika 4. Arudie hivyo mara 4 kwa jumla. Hesabu mwenyewe: bidii yote ya siku hiyo ni dakika 4 tu katika safari ya saa mbili! Baada ya hapo arudi kwenye mwendo wa kuzungumza mpaka mwisho, na dakika 15 za mwisho ziwe nyepesi kabisa.

Afanye hivyo wiki 3. Wiki ya 4 apunguze: safari fupi, bila kipande chochote cha nguvu. Ndipo mwili unapopata nafasi ya kujijenga. Baada ya hapo anaweza kuongeza kitu kimoja, ama vipande viwe 6, ama kila kipande kiwe dakika 2. Miezi ikipita na mwili ukikubali, vipande vinaweza kufika dakika 3 au zaidi na kusogezwa kuelekea nusu ya pili ya safari, miguu ikiwa imeanza kuchoka. Hilo ni la kijana aliyezoea, na awe na kocha anayemjua.

Siku za bidii zisizidi 2 kwa wiki, na kati ya moja na nyingine zipite siku 2. Kuna ishara nzuri ya kumfundisha kijana: kipande cha mwisho kiwe sawa na cha kwanza. Kama kipande cha nne ni dhaifu kuliko cha kwanza, baiskeli inayumba na mabega yanacheza, basi siku hiyo kazi imekwisha. Aende nyumbani polepole. Haba na haba hujaza kibaba.

Wapi afanyie? Mlima usio mkali sana, barabara yenye magari machache, saa za asubuhi kukiwa na mwanga. Bidii ifanywe wakati wa kupanda, isifanywe wakati wa kushuka, wala si kwenye barabara kuu ya malori, wala si njia ya kuingia sokoni. Mtu anayehema kwa nguvu huinamisha kichwa, na hatazami mbele. Avae helmeti iliyofungwa kidevuni na nguo yenye rangi inayoonekana. Asiwe peke yake. Mwendesha baiskeli wetu Suleiman Kangangi, aliyekuwa mzoefu na mwenye kuheshimiwa, alifariki Agosti 2022 baada ya kuanguka akiwa kwenye mashindano huko Vermont, Marekani. Ikiwa barabara inaweza kumpata mtu kama huyo, kijana wetu asiichezee.

Na kwa walio pwani, Kisumu, Turkana au Garissa, jua ni jambo la kuhesabu. Mazoezi yaishe kabla ya saa nne asubuhi. Joto na bidii vikikutana, mwili huchemka kutoka ndani.

CHAKULA: HAPA NDIPO KAZI YAKO MAMA

Mwili una ghala la sukari katika misuli na katika ini. Ukikanyaga polepole, unatumia mafuta kwa sehemu kubwa na sukari kidogo. Ukikanyaga kwa nguvu, unatumia sukari kwa wingi na kwa haraka. Ghala hilo si kubwa. Baada ya saa moja na nusu hadi saa mbili za kazi linaweza kuelekea kwisha, na vipande vya nguvu hulimaliza mapema zaidi. Likiisha, kijana anatetemeka, anaona kizunguzungu, jasho linakuwa baridi, na akili inapoteza uangalifu akiwa katikati ya barabara.

Ndiyo maana kijana anayeondoka alfajiri na kikombe cha chai ya rangi tupu hapaswi kufanya kipande chochote cha nguvu siku hiyo.

Usiku wa kuamkia safari, ale vizuri: ugali na ndengu, au githeri, au wali na maharagwe, pamoja na mboga. Asubuhi, saa moja na nusu au mbili kabla ya kuondoka, uji mzito wenye sukari, au viazi vitamu, au mkate na ndizi. Njiani, kama safari inapita saa moja na nusu, awe na kitu mfukoni: ndizi mbivu mbili, au kipande cha nduma, au chapati iliyokunjwa. Ale kidogo kidogo kabla njaa haijamfikia. Na akila aache kukanyaga kwa nguvu, asije akapaliwa.

Akirudi, asilale kwanza. Katika saa ya kwanza apate chakula cha kutia nguvu pamoja na cha kujenga mwili: maziwa na viazi, mayai na ugali, omena, maharagwe, maziwa lala. Hahitaji unga wa kopo kutoka dukani. Yai, maharagwe na maziwa vinatosha.

Maji je? Anywe mafunda machache kila baada ya dakika 15 hadi 20, na afuate kiu yake. Safari ikizidi saa moja na nusu, au jua likiwa kali, unaweza kumtengenezea kinywaji unachokijua tangu alipokuwa mtoto wa kuharisha: lita 1 ya maji safi yaliyochemshwa yakapoa, vijiko 6 vya chai vya sukari, na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vilivyosawazishwa. Lakini kumlazimisha anywe lita nyingi za maji matupu pia si vizuri. Maji yakizidi sana huiyeyusha chumvi ya damu na kumletea maumivu ya kichwa, kutapika, hata degedege. Tazama mkojo wake: rangi ya manjano hafifu ni nzuri, manjano iliyokolea inasema amekosa maji.

Vile vinywaji vya kopo vya kutia nguvu, vyenye kafeini nyingi, si vya watoto. Humpandisha mapigo ya moyo na kumnyima usingizi. Dawa za maumivu, kama ibuprofeni au diklofenaki, zisimezwe kabla ya safari ili "miguu isiume". Dawa hizo pamoja na jasho jingi zinaweza kuumiza figo. Na mtu yeyote akimwambia mtoto kuna sindano au tembe ya kumfanya awe na kasi, mwambie Kenya ina sheria ya mwaka 2016 ya kupambana na dawa hizo. Zaidi ya sheria, dawa hizo huharibu moyo na ini la mtoto.

USINGIZI, NA KAZI ZA NYUMBANI

Watu wengi hufikiri mwili unapata nguvu wakati wa mazoezi. Sivyo. Wakati wa mazoezi mwili unabomoka kidogo. Unajengwa upya usiku, mtu akiwa amelala. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10. Kama anasoma hadi saa sita za usiku na kuamka saa kumi alfajiri, amelala saa 4. Kijana huyo asiongezewe vipande vya nguvu. Akifanya, anajibomoa bila kujijenga.

Kisha hesabu kazi zote. Kama anaendesha baiskeli kilomita 10 kwenda shule na 10 kurudi, na jioni anabeba mitungi ya maji ya lita 20 juu ya baiskeli ya Black Mamba, hayo nayo ni mazoezi. Kocha hayaoni, lakini wewe unayaona. Mwambie kocha. Wataalamu wa michezo ya watoto hushauri kwamba saa za mazoezi ya mchezo kwa wiki zisizidi miaka ya mtoto. Mwenye miaka 14 asipite saa 14. Na angalau siku moja katika wiki baiskeli ikae ukutani.

Hapa baadhi ya akina mama huuliza: "Nitajuaje kama amezidisha, wakati yeye mwenyewe kila siku ananiambia yuko sawa?" Swali zuri. Kijana mwenye ndoto hasemi. Tazama badala ya kuuliza. Anakasirika ovyo? Hali chakula alichokipenda? Anapata mafua kila wiki? Alama za darasani zimeshuka? Kasi imepungua ingawa mazoezi yameongezeka? Mfundishe pia kuhesabu mapigo ya moyo asubuhi kabla hajatoka kitandani: vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, hesabu nusu dakika, zidisha kwa mbili. Akijua idadi yake ya kawaida, halafu siku mbili tatu mfululizo ikapanda kwa 10 au zaidi, mwili unaomba mapumziko, au kuna ugonjwa unaoingia.

Sasa naomba tuzungumze juu ya mabinti zetu. Msichana anayefanya mazoezi mengi na kula kidogo anaweza kuacha kuona hedhi. Wengine huambiwa hilo ni jambo la kawaida kwa wanamichezo. Si la kawaida. Ni mwili kusema, "Sina chakula cha kutosha, nimeanza kuzima vyumba vingine." Mifupa yake nayo inapungukiwa nguvu, katika miaka ile ile inayopaswa kuijenga. Hedhi ikikosekana miezi mitatu, au akifika miaka 15 bila kuiona kabisa, mpeleke kliniki, na vipande vya nguvu visimame. Mwache aseme na mhudumu wa kike akipenda. Na kaka zake pia mwili hunyong'onyea kwa sababu hiyo hiyo, ila wao hawana ishara ya mwezi ya kuwaonya.

Wasichana pia hupungukiwa damu kwa urahisi. Mpe maini, omena, maharagwe, terere na managu, pamoja na chungwa au nyanya mbichi. Na chai isinywewe pamoja na chakula. Ingoje kama saa moja, kwa maana huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini.

UCHOVU SI UVIVU

Nitawaeleza habari moja ya kweli. Chris Froome alizaliwa Nairobi mwaka 1985. Akiwa kijana alifundishwa baiskeli na David Kinjah, bingwa wetu wa Kikuyu, na baadaye akashinda Tour de France mara nne, mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017. Lakini kabla ya ushindi huo kulikuwa na kipindi ambacho hakuwa na utulivu: leo ana nguvu, kesho hana. Mwishoni mwa mwaka 2010 alipopimwa damu alikutwa na kichocho. Akatibiwa kwa prazikwanteli, dawa ile ile wanayopewa watoto wetu shuleni.

Fikiria kama angeambiwa tu, "Wewe ni mvivu, ongeza bidii." Kwa hiyo ikiwa mtoto wako anaogelea au kuvua kandokando ya Ziwa Victoria, au anafanya kazi katika mashamba ya mpunga ya Mwea, au anaoga kwenye mabwawa ya pwani, na kasi yake imepungua bila sababu, usimwongezee mazoezi. Mpeleke akapimwe kichocho, malaria, minyoo na upungufu wa damu.

Na mtoto mwenye homa hafanyi mazoezi. Si polepole, si haraka. Homa pamoja na bidii inaweza kuudhuru moyo. Ikiisha, aanze tena na safari fupi nyepesi kwa siku kadhaa, vipande vya nguvu vije mwisho.

DALILI ZA HATARI

Chukua kalamu, au muite mtoto akuandikie. Kijana asimamishe baiskeli mara moja, na apelekwe hospitali, akiona lolote kati ya haya:

Amezimia au kukaribia kuzimia wakati wa bidii.
Ana maumivu au kubanwa kifuani.
Moyo unadunda ovyo na hautulii baada ya kupumzika.
Anapumua kwa mluzi na dawa yake ya pumu haisaidii.
Amechanganyikiwa, mwili ni moto sana, anatapika kwenye jua. Huyu apelekwe kivulini, avuliwe nguo nzito, amwagiwe maji na kupepewa huku usafiri ukitafutwa.
Misuli imevimba na kuuma vikali, na mkojo una rangi ya chai ya rangi au soda nyeusi.
Ameanguka na kugonga kichwa, hata kama anasema yuko sawa.

Ukiona dalili hizi usingoje kesho. Na usimpe maji mtu ambaye hajitambui.

KWA UFUPI

Mama, mlezi, hebu turudie. Vipande vya nguvu ni chumvi, si unga. Vije baada ya wiki 6 hadi 8 za mwendo wa kuzungumza. Vianze na dakika 1 mara 4. Ukali ukiongezeka, urefu upungue. Siku mbili kwa wiki, basi. Wiki ya nne apumzike. Asiondoke na njaa, asiondoke na homa, asiondoke bila helmeti. Alale saa 8 au zaidi. Hedhi isipoonekana, aonwe na mhudumu wa afya. Akizimia au akiumwa kifua, hospitali.

Wiki hii nina ombi moja. Kabla ya Jumamosi, mtafute yule anayewaongoza watoto kwenye baiskeli, awe kocha, mwalimu au kijana mkubwa wa mtaani. Msalimie vizuri, halafu muulize maswali matatu: Wanakwenda mbali kiasi gani? Wanakanyaga kwa nguvu mara ngapi? Na wanapumzika siku gani? Mwongozaji mwema atafurahi kuulizwa. Akikujibu kwa hasira, umekwisha kujua jambo muhimu.

Kijana akishinda, jina lake litatangazwa. La aliyepika uji saa kumi na moja alfajiri halitatangazwa. Lakini sisi wa afya tunajua kwamba miguu ile ilijengwa jikoni na kitandani kabla ya kufika barabarani.

Kama una swali, muulize mhudumu wa afya ya jamii anayetembelea kijiji chenu, au fika kwenye kituo cha afya kilicho karibu. Hadi tutakapokutana tena, muwe na afya njema, na watoto warudi nyumbani salama. Kwaherini.